Kinachowaka ni Mvuke: Kutoa Petroli kwenye Gari Lililolala

Ndugu zangu mafundi, vijana mnaojifunza kazi, na ninyi wenye magari mliofika hapa kwa sababu kuna gari limelala uani na geji yake inasema bado kuna nusu tangi: habari za asubuhi.

Nimeombwa mambo mawili: nisirefushe, na nisiwatishe watu. Hilo la kwanza nitalijaribu. La pili siliahidi, maana mtu anayenipa wasiwasi katika kazi hii si yule mwenye hofu. Ni yule anayesema, "Aa, hii ni petroli tu, nimeishika miaka yote."

Kazi yenyewe ukiisimulia ni nyepesi mno. Petroli iko ndani ya tangi, tunataka iwe ndani ya dumu. Mtu anachukua mpira, anaingiza upande mmoja kwenye tundu la kujazia, upande wa pili anautia mdomoni, anavuta. Nianzie hapo hapo, kwenye mdomo.

Nilipokuwa mwanagenzi, nilivuta hivyo. Hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa nimewaona wakubwa wangu wakifanya, na nikadhani ujanja wake ni kutema haraka. Mpira wenyewe ulikuwa mweusi, huwezi kuona mafuta yamefika wapi. Yalikuja mapema kuliko nilivyotarajia, nikashtuka, na mtu akishtuka huwa anafanya nini? Anavuta pumzi. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, kisha nikajiona nimepona, nikaendelea na kazi. Usiku homa ikapanda, kifua kikawa kinabana, kesho yake nikawa kitandani hospitalini naulizwa nilikunywa nini. Nikajibu kwamba sikunywa chochote. Na kweli sikunywa.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba tumbo si tatizo kubwa kama mapafu. Petroli ni nyepesi, inateleza na kusambaa kwa kasi. Tone dogo likipita njia ya hewa linatandaa juu ya nyama laini za mapafu na kuziunguza, na hapo ndipo inapozuka nimonia ya kemikali, ambayo haikuletwa na mdudu yeyote. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, kwa hiyo mtu anayekohoa baada ya kuvuta mafuta kwa mdomo apelekwe hospitali hata kama anacheka. Asitapishwe. Hili nalikazia kwa sababu ndilo jambo la kwanza ambalo watu wema hulifanya: wanamshindilia maziwa au maji ya chumvi ili atapike, na petroli iliyokuwa imetulia tumboni inapanda tena na kupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni.

Kwa hiyo mdomo tumeuondoa kwenye orodha ya vifaa. Tuendelee.

Sasa nataka tuzungumze kuhusu moto, na nitakaa hapa kidogo. Petroli ya maji, ile unayoiona ikitiririka, yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Na petroli haingoji ipashwe moto ndipo itoe mvuke: hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri bado inatoa mvuke wa kutosha kushika cheche. Maana yake ni kwamba hakuna mahali wala msimu ambapo utafungua tangi bila kuukaribisha mvuke nje. Upo, iwe unaunusa au huunusi.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Moshi unapanda, harufu ya chakula inapanda, nasi tumezoea kudhani kwamba kila kisichoonekana kinapanda. Huu unashuka. Unatambaa sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango, unaingia mferejini, unajaa kwenye shimo la gereji. Unaweza kuwa umesimama hapa, kichwa chako kiko kwenye hewa safi, na miguu yako imezama magotini ndani ya kitu kinachongoja cheche. Na cheche si lazima iwe hapa. Inaweza kuwa chumba cha pili, kwenye kijimoto kidogo cha mtambo wa gesi wa kuchemshia maji, au kwenye friji inayojiwasha yenyewe. Moto ukishika kule unarudi kwa kufuata njia ile ile uliyopita mvuke, hadi kwenye dumu lako.

Ndiyo maana nasema kazi hii ifanyike nje, kwenye uwazi, hewa inapopita. Mlango wa gereji ulioachwa wazi haukufanyi uwe nje. Wala usishuke shimoni. Najua shimo ndilo linalorahisisha kufika chini ya tangi, lakini mkitaka kuchimba kisima cha mvuke hamtapata kizuri kuliko shimo la gereji.

Kuna kipimo kimoja ningependa mkibebe kichwani, kwa sababu kitatusaidia baadaye. Mvuke wa petroli unawaka ukiwa kati ya sehemu 1.4 na 7.6 hivi katika kila sehemu 100 za hewa. Ukiwa mchache zaidi ya hapo, hauwaki. Ukizidi hapo, pia hauwaki, kwa sababu hewa haitoshi. Hatari yote imekaa katikati, na inahitaji mvuke kidogo tu.

Taa. Mafundi wengi tuliozeeka tulikuwa na ile taa ya balbu yenye waya mrefu, unaitundika chini ya gari. Tone moja la petroli baridi likidondokea kioo chenye moto, kioo kinapasuka, na uzi uliowaka unabaki wazi katikati ya mvuke. Tumieni taa ya LED iliyofungwa vizuri, iwashwe mkiwa mbali, izimwe mkiwa mbali. Drili ya umeme yenye kichwa cha pampu, msiitumie: ndani ya mota yake kuna cheche ambazo utaziona gizani ukichungulia matundu yake. Mashine ya kufyonza vumbi, ndiyo, nimewahi kuulizwa. Mwulizaji aliona ni ubunifu. Ile inauvuta mvuke na kuupitisha pale pale kwenye mota. Sina la kuongeza.

Nguo nazo. Nailoni na vitambaa vya namna hiyo vikisuguana na kiti cha gari vinazaa umeme tuli, ule unaokuchoma kidole ukishika kitasa. Cheche ile ndogo inatosha. Vaeni pamba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sidhani kama walikuwa na nailoni akilini, lakini wamepatia. Na kabla ya kugusa kifuniko cha mafuta, gusa kwanza chuma kitupu cha bodi, mbali na tundu, umeme huo utokee huko.

Haya, tuje kwenye gari. Lazima liwe limepoa. Kama umelisogeza kwa injini yake ili litoke kivulini, basi ekzosi ina joto, na sehemu yake ya kusafishia moshi ina joto kuliko unavyofikiri. Nenda kafanye shughuli nyingine kwanza. Zuia magurudumu. Kama lazima uingie chini, gari likae kwenye stendi, jeki peke yake haiaminiki. Kisha betri: waya wa hasi utolewe mapema, kabla hujafungua chochote chenye mafuta. Nimeona mtu mwangalifu kabisa akitoa petroli yote salama salmini, halafu akiwa amezungukwa na mvuke ndipo anakumbuka betri na kuichomoa. Waya ule ukiachia kichwa cha betri huwa unatoa cheche. Alikuwa na bahati siku ile.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda au povu, na uwe umbali wa hatua chache, upande ambao upepo unatokea. Usiuegemeze kwenye gurudumu la gari lile lile, kwa sababu moto ukiwaka ndiko ambako hutaweza kwenda. Ndoo ya maji haifai hapa. Petroli inaelea juu ya maji, hivyo ukimwaga maji unaisafirisha tu na moto wake. Mchanga mkavu unafaa, na pia unanyonya petroli iliyomwagika.

Njia ya kuyatoa mafuta inategemea gari. Magari mengi ya zamani yana nati ya kumwagia chini ya tangi. Ukiikuta, shukuru, lakini kumbuka kwamba ukishaifungua huna breki: lita 40 zitakuja zote, zitakuja kwa kasi, na dumu lako ni la lita 20. Legeza taratibu, na uwe na chombo kipana cha chuma pamoja na mtu wa kukupokea. Nati iliyoshika kutu isigongwe kwa nyundo. Chuma kikigonga chuma, mnajua kinachozaliwa.

Magari ya karibuni mara nyingi hayana nati hiyo, na hata tundu la kujazia lina kizuizi. Kuna wavu au vali imewekwa ndani ya shingo, kwa ajili ya ajali ya kupinduka na kwa ajili ya wezi. Mpira ukigoma, umegoma. Ukiusukuma kwa nguvu utapita upande mmoja na kukataa kurudi, na hapo tatizo la mafuta limekuwa tatizo la tangi zima. Nimewahi kuletewa gari lenye mpira wa mita moja unaning'inia shingoni kama mkia.

Mpira ukipita, tumieni pampu ya mkono iliyotengenezwa kwa mafuta, au ule mpira wenye kibofu katikati, kama wa mashine za boti, unaoubinya mara kadhaa mpaka mafuta yaanze kushuka. Mpira uwe wa kuonea ndani. Dumu likae chini kuliko tangi. Ni uzito wa mafuta yenyewe unaofanya kazi, wewe unayaanzishia tu safari. Ukitaka kuyasimamisha, nyanyua mpira juu kuliko usawa wa mafuta yaliyo tangini.

Njia nyingine ni kutumia pampu ya gari lenyewe: unafungua bomba la mafuta upande wa injini, unaunganisha mpira, na pampu inasukuma kila kitu hadi dumuni. Ni njia safi, mafundi wanaipenda, nami naipenda, ila ina masharti. Bomba la gari la injekta, yaani vile vipulizio vya mafuta, lina shinikizo la baa 3 au 4 katika magari mengi, na linaweza kubaki hivyo muda mrefu baada ya kuzima. Ukilifungua ghafla unarushiwa ukungu wa petroli usoni. Kwa hiyo toa kwanza fyuzi au relei ya pampu, washa injini, iache inywe kilichobaki bombani mpaka ijizime, iache ipoe kabisa, na hata baada ya hapo funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza. Kama gari limelala kiasi kwamba haliwaki, shinikizo huenda limeisha lenyewe, lakini lichukulie kama lipo. Na yale magari ambayo injekta zake zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, upande wa shinikizo kubwa msiuguse kabisa. Kule tunazungumzia baa mia na zaidi, zinazoweza kupenya ngozi. Njia hii ndiyo pekee inayohitaji betri irudishwe, pamoja na ile fyuzi au relei ya pampu, basi dumu na kiungo viwe mbali na betri, na waya zote ziwe zimekazwa kabla ya petroli kuonekana. Pampu pia isikauke. Inapozwa na mafuta yanayopita ndani yake, ikisukuma hewa tupu inaungua. Mkondo ukianza kukatika, zima.

Mmeona kwamba bado sijaeleza chombo cha kuyatunzia mafuta. Kisiwe chupa ya maji. Kisiwe ndoo ya wazi. Chukua dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, la chuma au la plastiki ngumu yenye alama yake, na liwekwe ardhini, kwenye udongo au sakafu, lisijazwe likiwa juu ya zulia la buti. Plastiki iliyokaa juu ya zulia haina pa kupeleka umeme unaozalishwa na mafuta yanayotiririka. Kama dumu ni la chuma, funga waya kati yake na chuma kitupu cha gari kabla ya kuanza, na uufungue mwisho, baada ya vifuniko vyote kurudi. Petroli inatanuka ikipata joto: lita 20 zikipanda nyuzi 30 zinaongezeka zaidi ya nusu lita. Acha nafasi juu. Dumu lililojazwa pomoni alfajiri litakuwa limevimba saa sita.

Glavu ziwe za naitrili, zile za mpira mwembamba huvimba na kulegea zikikutana na petroli. Ikikumwagikia nguoni, loweka kwa maji kwanza ndipo uzivue, maana kuvua nguo ni kusugua nguo. Na usiende jikoni nazo.

Nimefika kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nikubali kuja kuzungumza.

Umemaliza. Mafuta yametoka, dumu limefungwa, tangi tupu. Watu wanapumua. Sigara zinatoka mifukoni. Ndugu zangu, tangi lile sasa ni hatari kuliko lilivyokuwa asubuhi. Rudini kwenye kile kipimo: 1.4 hadi 7.6. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa, na nafasi hiyo imeshiba mvuke kupita kiasi cha kuwaka. Ukilimimina, unaingiza hewa, na kuta zake zimelowa, na chini kuna vijiko vichache ambavyo hakuna pampu inayovifikia. Umetengeneza mchanganyiko ule ule ambao injini inautengeneza ili ulipuke, ila injini inautengeneza kwa ujazo wa kikombe, na hapa una pipa zima.

Wanaoumia hapa mara nyingi si wageni. Ni mafundi wa kuchomelea. Tangi lina kitundu, limetolewa mafuta, limekaa juani wiki mbili, limeoshwa kwa maji na sabuni, harufu imeisha, "libandike tu kiraka." Mabaki yaliyojificha kwenye kutu na kwenye mikunjo ya bati yanangoja joto la mashine ya kuchomelea ndipo yatoe mvuke. Pua haitakwambia. Msichomelee tangi la petroli. Libadilisheni, au lipelekeni kwa wenye vifaa vya kulisafisha na kupima hewa iliyomo. Na kama linabaki kwenye gari, lirudishiwe kifuniko chake siku hiyo hiyo, lisiachwe na kitambaa mdomoni.

Sasa mafuta yenyewe, kwa ufupi. Chukua kidogo kwenye chupa ya kioo, uitazame kwenye mwanga. Petroli nzuri ni angavu. Iliyochakaa imegeuka rangi ya kahawia na inanuka kama vanishi, kwa sababu sehemu zake nyepesi zimetoroka na zilizobaki zinageuka gundi, na gundi hiyo ndiyo inayoziba injekta na kabureta. Iliyochanganywa na ethanoli, ile alkoholi inayotiwa kwenye petroli, huharibika mapema, pengine ndani ya miezi mitatu. Ethanoli inavuta unyevu wa hewani, na maji yakizidi inajitenga na petroli na kutuama chini. Ukiona matabaka mawili kwenye chupa, usidhani kutikisa kutasaidia. Na kama gari limelala tangu enzi za petroli yenye risasi, ngozi yako iwe mbali nayo. Risasi hii ni ya madini, si ya bunduki, ingawa hakuna hata moja kati ya hizo inayokutakia mema. Nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, Aljeria, iliacha mwaka 2021 tu.

Iliyochakaa kidogo baadhi ya mafundi huichanganya kidogo kidogo na mpya. Iliyokufa ipelekwe panapopokelewa taka za hatari. Isimwagwe mferejini, tumeshaona mvuke unavyopenda mifereji, na isitumike kuwashia moto wa takataka wala kutiwa kwenye taa au jiko la mafuta ya taa. Waliofanya hivyo wameunguza nyumba.

Mzee pale nyuma ananionyesha ishara, nadhani anauliza dizeli. Dizeli ni mpole zaidi, haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50 hivi. Lakini ikipulizwa kama ukungu inawaka, na ikiingia mapafuni inafanya yale yale. Mdomo ni marufuku huko pia.

Gari tulilolileta liko uwanjani, limepoa tangu jana, na waya wa hasi niliuchomoa mwenyewe kabla hamjafika. Upepo unatoka upande wa lango, kwa hiyo tutasimama huko. Simu na viberiti viacheni hapa mezani. Na wewe kijana mwenye koti la nailoni, samahani, koti lako nalo linabaki.